Kibanio Chekundu kwenye Feni

Wakubwa wa hospitali wakitaka kukunyima kitu siku hizi hawakuambii hapana. Wanakuitia mkutano. Kwa hiyo msimamizi mpya wa kufulia alipofunga kamba katikati ya chumba cha kukunjia mashuka na kutuita wote, mimi nilipanda kutoka kwenye boila nikiwa nimeshanuna.

"Mzee wa boila, usinikunjie uso," akasema. "Leo mnaamua nyinyi. Kuna fungu la kurekebisha kitu kimoja humu ndani. Kimoja tu."

Kila mtu akataja lake, likaandikwa kwenye kipande cha boksi na kuning'inizwa kwenye kamba. Troli mpya. Viti vya wapiga pasi. Kabati la viatu. Birika la umeme. Saa ya ukutani, eti. Mimi nikasema feni, na iwe kubwa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mke wangu alikunja mashuka humu mpaka kifua kikamlaza, na kila tukirudi nyumbani neno lake lilikuwa moja: nakosa hewa. Nilikwenda ofisini kuomba feni, wakaniambia nisubiri. Mimi nikasubiri. Yeye hakuweza.

Tukagawiwa vibanio vya nguo, vitatu kila mmoja.

"Vigawe utakavyo, au vibane vyote mahali pamoja," msimamizi akasema. "Hatutafuti mshindi bado. Tunapunguza tu."

"Na mtu akitaka kumbana mwenzake pua?" akauliza Dereva, yule anayesukuma troli. Tunamwita hivyo kwa kumtania.

Nilimwangalia msimamizi nione macho yake yanaelekea wapi, maana watu wetu hufuata macho ya mkubwa. Akageukia ukuta, akatupa mgongo. Hilo sikulitegemea. Nikabana vyangu vyote kwenye feni, kisha badala ya kurudi kwenye moto wangu nikabaki pale kuchungulia. Mikono ya watu ilikuwa inasema mambo ambayo midomo yao haijawahi kusema. Dereva, aliyeililia troli mwaka mzima, kaipa kimoja tu. Viwili kaviweka kwenye feni.

"Wewe vipi?" nikamnong'oneza.

"Mkeo alikuwa ananifokea nikichelewa," akasema. "Hakuna anayenifokea vizuri siku hizi."

Maboksi yaliyokosa vibanio yakaondolewa, na yenye kimojakimoja pia. Kamba ikabaki na feni, troli na viti. Ndipo msimamizi akatoa vibanio vyekundu, kimoja kila mtu.

"Hiki ni cha kukataa. Si lazima ukitumie. Lakini ukikibana, utatuambia kwa nini, na utatuambia nini kingekufanya ukiondoe."

Mama Pasi, mkongwe wa wapiga pasi wetu, akainuka taratibu, akabana chake kwenye feni.

Damu ikanipanda kichwani. Huyu alikaa bega kwa bega na mke wangu miaka yote. Msibani alilia kuliko ndugu.

"Wewe? Hata wewe? Wamekuahidi kiti?"

"Tulia, shemeji. Nimeambiwa niseme sababu, basi niache niseme. Feni ingezungusha mvuke uleule, tupigwe nao usoni. Halafu dada hakuomba feni."

"Aliniambia anakosa hewa!"

"Ndiyo, alikuambia anakosa hewa. Feni umeiongeza wewe. Yeye alikuwa anataka lile dirisha." Akaonyesha nyuma ya makabati. "Walipolipigilia misumari, eti vumbi linachafua mashuka ya vyumba vya kulipia, alikwenda ofisini mwenyewe. Akarudi akaendelea kukunja. Nilidhani unajua."

Sikujua. Mimi nakaa chini na moto, habari za juu hazishuki. Nyumbani yeye alisema nakosa hewa na mimi nikajibu feni, tukalala.

"Dirisha lenyewe lina nini?" nikauliza. Hasira ilikuwa bado ipo, ila hamu ya kujua ilikuwa imeipita.

"Mchana ulikuwa unaingia upepo, kipande kidogo tu. Alikuwa anasimama humo ndani yake akikunja. Ukimkuta hakupishi."

Msimamizi akamuuliza nini kingemfanya aondoe kibanio. Akajibu, "Andikeni dirisha." Kisha msimamizi akaniuliza mimi kama nakubali, kwa kuwa feni ilikuwa yangu. Nikachukua kalamu nikaifuta feni mwenyewe, nikaandika dirisha. Tukapiga kura upya, kibanio kimoja kila mtu. Dirisha likavichukua karibu vyote.

"Ila fungu ni la kununua vitu," msimamizi akasema. "Kung'oa misumari hakununuliwi."

"Basi nunua viti, ndivyo vilivyofuata kwa vibanio," akasema Dereva.

"Na ofisi itauliza kuhusu dirisha."

"Walipopigilia walituuliza?" nikasema. "Waje wanitafute kwenye boila."

Tukasogeza makabati. Misumari ilikuwa imeshika kutu, koleo likaniteleza mara kadhaa, hatimaye ubao ukalegea. Nje hapakuwa na lolote la maana: ukuta wa stoo na tangi la maji. Nikasimama nikisubiri huo upepo. Sikusikia kitu.

"Siyo hapo, shemeji," akasema Mama Pasi. "Kushoto kidogo."