Kuta Mbili na Mvua Moja

Mji wetu uliishi miaka mingi bila kujua kwamba unaweza kuwa na rangi yake. Kwenye barabara kuu kila mwenye nyumba alipaka anavyotaka, na mara nyingi alichotaka ni kumuudhi jirani: huyu kijani kwa sababu yule bluu, yule akarudia na zambarau ili huyu asilale. Mtaa wetu peke yake ndio uliofanana mwanzo hadi mwisho, na hiyo ilikuwa kazi ya mama yangu. Alichukua chokaa, akatia udongo mwekundu wa nyuma ya kilima na unga wa njano kidogo, akapata rangi ya nyama ya papai lililoiva. Watu walimwita Mama Rangi. Mimi wakaniita Brashi, jina nililolichukia nilipokuwa mdogo, na siku hizi ukiniita jina langu halisi huenda nisigeuke.

Kazi yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mawe ya chokaa yanatiwa kwenye pipa, yanamwagiwa maji, yanachemka yenyewe bila moto. Hapo mama hakutaka mtu karibu. Alisema chokaa inayochemka inapofua macho, akanituma nikachunge udongo kwa chungio upande wa mbele, mbali na uani, na nikirudi nakuta pipa limetulia, linatoa harufu nzito ya kukaa kooni. Kuchunga, kupima, kukoroga na kupaka vyote alinifundisha mimi. Kuchemsha alikufanya mwenyewe mpaka magoti yalipomgomea, na mimi wakati huo nina miaka ishirini na miwili. Akanielekeza akiwa kitandani: mawe, maji, chumvi gao moja la mkono, basi.

Nikachemsha. Rangi ilitoka ile ile, ila harufu haikuwepo, na baada ya mvua za kwanza kuta zilianza kuchujuka. Zamani mama akipaka nyumba, mtoto wa nyumba ile alizaliwa na kufika darasa la tatu kabla ya kupakwa tena. Nilipomuuliza alisema mawe ya siku hizi yanatoka shimo jingine, na mvua za siku hizi si kama zile. Maneno hayo nikayachukua kama yalivyo na kuwapelekea wateja kwa miaka ishirini na mmoja. Kila mwaka nilipaka mtaa mzima upya, nikimaliza nyumba ya mwisho ya kwanza inaniita.

Kulikuwa na fundi muashi, mtu mtaratibu, mwenye viganja vigumu na utani mwepesi. Alitaka kunioa twende mji mwingine alikopata kazi. Alikuja kuniuliza mwezi mmoja kabla ya mvua kwisha. Mama hakukataa. Aliuliza tu nyumba za watu atazipaka nani, na mimi nikaona aibu kuwaacha watu na kuta zenye madoa. Nikamwambia fundi asubiri msimu huu upite. Alisubiri misimu miwili, na sikumlaumu alipoondoka.

Sasa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Bwana Mkubwa tangu akiwa na miaka minne, kwa sababu alikataa kubebwa mgongoni. Alisoma, akaondoka, akarudi na tai, akapata kazi ofisi ya mipango ya mji. Siku moja alikuja, akakaa mezani, akaanza kunieleza kwamba iko miji duniani ambayo ukionyeshwa picha ya kipande cha ukuta tu unaijua. Huu mweupe, ule wa samawati, ule wa waridi. Wetu ukipigwa picha, alisema, unaweza kuwa popote. Ofisi yao ilikuwa inatafuta rangi moja ya kuupa mji uso, na yeye amewaambia hakuna haja ya kutafuta mbali.

Nilimpakia ubao wa sampuli kwa mikono yangu, nikaukausha siku tatu kivulini kama inavyotakiwa, maana rangi mbichi ni mwongo. Alipoupokea aliniambia maneno ambayo nayakumbuka na mahali alipokuwa amesimama.

"Kazi itakuwa yako, dada. Nani mwingine anaijua?"

Kwa muda wa miezi saba nilitembea nimeinua shingo. Mabasi ya mji yakawa rangi ya papai. Mapipa ya taka, mabenchi ya bustani, hata bahasha za ofisi zikawa na mstari wa papai pembeni. Nilisimama mbele ya pipa la taka nikalitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto kwenye mahafali. Kisha likatoka tangazo kwamba nyumba zote za barabara kuu zitapakwa rangi hiyo, na wiki iliyofuata likaja lori. Limejaa mapipa, ngazi za chuma na wanaume wenye sare, na msimamizi wao mwenye kofia nyeupe akaniuliza mimi, kwa adabu sana, kama nimepotea.

Ofisini Bwana Mkubwa aliongea na karatasi zake badala ya kuongea nami. Ilikuwa ni utaratibu, alisema, zabuni zina masharti, kampuni ndiyo yenye vyeti. Nilimuuliza kampuni inachanganya nini kwenye hayo mapipa. Akasema rangi ile ile. Nilitegemea anijibu lolote ila hilo. Nilimbeba mtoto huyu, hata kama alikataa mgongo basi kiunoni, na leo amechukua mikono yangu akawapa watu wenye sare. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini ngozi ilikuwa yangu.

Sikulia. Niliingia kwa mkurugenzi bila kupangiwa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, nikamwambia watu wake wanajua jina la rangi lakini rangi yenyewe hawaijui. Nikamwomba kipimo. Ghala la zamani la mji lina ukuta mrefu unaotazama upande mvua inakotoka. Nusu wapake wao, nusu nipake mimi. Mvua zikiisha, ambaye rangi yake imesimama apewe mji. Mkurugenzi alinitazama, akautazama mlango ambao Bwana Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, akasema sawa. Akaiandika, akapiga na muhuri.

Yangu ilikuwa ikichujuka kila mwaka, sikatai. Lakini yao, ya watu waliojifunza juzi, niliipa wiki mbili. Nilichunga udongo mara tatu. Nilipaka mikono minne ya rangi, tabaka juu ya tabaka, badala ya mitatu, kila mmoja nikausubiri ukauke sawasawa. Majirani waliniletea chai na viti, wakakaa kuangalia kama mpira. Upande wa pili vijana wa sare walipaka mikono miwili, wakaondoka kwenda kula. Nikawahurumia.

Mvua ya kwanza ilikuwa ya rasharasha. Ya pili ilipiga usiku kucha. Ya tatu ilinikuta pale pale ghalani, nimejibanza chini ya bati, na niliona kila kitu. Upande wao maji yalikuwa yanateleza kama kwenye jani la mgomba, yanashuka meupe. Upande wangu yalikuwa yanashuka na rangi. Chini ya ukuta wangu kulikuwa na dimbwi la papai, limejaa, linaenda mtaroni taratibu.

Mvua zilipokwisha mkurugenzi alikuja, akatazama kuta mbili kwa muda mfupi, akaniambia pole, na nadhani aliimaanisha. Jirani yangu mmoja, mwenye duka la vitambaa, alinipita na kusema mvua za siku hizi kweli si kama zile. Alisema kwa utani. Utani ule uliniingia mpaka kwenye mifupa.

Nilibaki pale watu walipotawanyika. Nilikwenda kwenye pipa moja la kampuni lililobaki nusu, nikafunua kifuniko, nikainama ili nione wametia nini. Sikuwahi kuona chochote. Harufu ilinifikia kwanza. Ilikuwa ile ile nzito ya kukaa kooni, ya uani kwetu, ya mimi nikiwa na miaka tisa na chungio mkononi, nimetumwa nikae mbali.

Nilimkuta Bwana Mkubwa nje ya ofisi, anafungua gari. Safari hii hakuweza kuangalia karatasi kwa sababu hakuwa nazo. Nilimuuliza kuna nini kwenye pipa.

"Shahamu," akasema. "Mafuta ya ng'ombe. Yanatiwa chokaa ikiwa inachemka, yanashikana nayo, maji hayapiti. Dada, si unajua?"

Nilimwambia sijui.

Nikaona usoni kwake kitu ambacho sikukiona siku ile ya lori, hofu ya kweli. Akasema mama ndiye aliyempa, Jumapili moja nilipokuwa kazini, alimwambia yote kuanzia mawe mpaka chumvi, na yeye akaandika. Alidhani mimi najua. Alidhani nimeacha kuyatia kwa sababu zangu, labda ili nisikose kazi kila mwaka. Aliomba msamaha kwa ajili ya zabuni, akaomba tena kwa ajili ya ukuta. Nilimwacha anaomba. Alikuwa amenisaliti, na nilikuwa nimemchukia miezi miwili kamili, na ghafla chuki yenyewe ikawa haina pa kukaa.

Mama alikuwa chumbani kwake, anakunja nguo kitandani, moja moja, kama afanyavyo kila Alhamisi. Nikakaa kwenye kiti cha mlangoni. Sikupandisha sauti. Nilisema neno moja tu, shahamu, na mikono yake ikasimama juu ya khanga.

Nilitarajia akatae. Ningependa angekataa, ningepata la kubishana nalo. Aliilaza khanga, akaipapasa mikunjo.

"Kaka yako mkubwa niliyemzaa kabla yenu alikwenda hakurudi," akasema. "Baba yenu akaenda. Huyu mdogo nilimwona tangu akiwa tumboni kwamba ni wa kwenda. Nikabaki na wewe."

Nikamuuliza hilo linahusiana vipi na ukuta.

"Rangi ya miaka kumi inamwacha mtu huru miaka kumi, mwanangu. Ya mwaka mmoja inamrudisha nyumbani kila mwaka."

"Na Bwana Mkubwa ukampa."

"Yeye alishaondoka. Siri isingemwondoa mara ya pili."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ya kumweleza mtu njia. Nilihesabu bila kutaka: misimu ishirini na mmoja juu ya ngazi, mgongo, makohozi ya chokaa, fundi muashi aliyesubiri misimu miwili. Maneno yote niliyowapelekea watu kuhusu mvua. Miaka yote hiyo nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu aliyenizaa, nami nilikuwa nikimwogesha, nikimsugua miguu, nikimshukuru Mungu kwa kunipa ufundi wake. La ndugu niliweza kulimeza. Hili halikushuka, na mpaka leo halijashuka.

Nilimuuliza kama alijua siku ya ghala, nilipokuwa napaka mikono minne mbele ya mji mzima. Akasema alijua. Akasema alitaka kuniita, akaona nikishinda nitapewa mji mzima nipake, na anayepaka mji mzima hulala huko huko kwenye kazi.

Siku tatu sikuzungumza naye zaidi ya chakula na dawa. Siku ya nne nikaenda buchani nikanunua shahamu, ndoo nzima. Mwenye bucha aliuliza kama nafungua kiwanda cha sabuni. Nikachemsha mawe uani asubuhi, mama akiwa kwenye kiti chake kibarazani, na maji yalipoanza kutokota nikatia mafuta mbele ya macho yake. Harufu ilipopanda alifumba macho. Sikumtuma popote.

Nilipaka nyumba yetu. Mbele, nyuma, na ule ukuta wa jikoni ambao hakuna mgeni anayeuona. Mikono miwili tu ilitosha. Ilichukua siku sita, na kila jioni mama aliniambia nipumzike, na kila jioni nilimjibu vizuri. Bwana Mkubwa alikuja siku ya mwisho kama nilivyomwita. Nilimwonyesha kabati la dawa, saa za kuzitoa, na jinsi ya kumkalisha mama ili magoti yasimuume. Alikuwa anaandika. Alipotaka kusema kitu nilimwambia aandike kwanza.

Msimamizi mwenye kofia nyeupe alikuwa amenieleza kwamba upo mji mwingine kando ya reli unaotafuta rangi yake, na hawana mtu. Begi langu lilikuwa na nguo, chungio na brashi mbili.

Mama alinyoosha mkono akagusa ukuta ulio karibu naye, akakagua kidole chake. Hakikuwa na kitu.

"Utarudi lini kuipaka?" akaniuliza, kama alivyozoea kuuliza kila mwaka.

Nikamwambia hii haitahitaji, mama. Nimetia kila kitu.