Pipa la Ubaridi la Bapu

Kwetu baba hanywi hata maji nyumbani kwa binti aliyemwoza. Sasa nenda kamwambie apokee pipa zima!

Pipa lenyewe nililiunda mimi, Rajwant, kwa mikono hii. Nilikata madirisha matatu, nikayaziba kwa nyasi za khus, ndani nikafunga feni ya gari bovu la mume wangu na pampu ndogo ya kupandisha maji yaziloweshe zile nyasi. Ukiwasha, unatoka upepo wa baridi. Bapu, baba yangu, alikuwa na moyo mbovu, na daktari alishasema joto la hapa Bathinda la mwezi wa sita hatalimaliza.

Nilipompelekea alilizunguka, akatikisa kilemba. "Zuri, binti yangu. Kaa nalo kwako." Kesho yake likarudi juu ya trekta, na juu yake kitambaa cha nguo na kilo tano za sukari, maana kwa binti hakirudi kitu kitupu. Sukari! Nililia kwa hasira.

Nikamwita mdogo wangu Lakhvir, ambaye bisibisi anaishika upande wa ncha.

"Mwambie umeliunda wewe."

"Mimi? Nani ataamini, dada?"

"Bapu ataamini. Wewe si mwanamume? Inatosha."

Nikalipaka rangi ya bluu. Nikamwonyesha mara mbili: kila Jumapili chomoa chujio la pampu, lisuuze, lirudishe. "Nimeelewa, nimeelewa," akasema, huku macho yakiwa kwenye simu.

Bapu alilipokea kwa mikono miwili. Nilipokwenda kumsalimu akaniketisha mbele ya pipa langu mwenyewe. "Umeona akili za mdogo wako? Wewe ulijaribu, mwanangu, sikatai. Ila lako lilikuwa na makelele."

Alikuwa anapumua vizuri, analala mchana, na mimi sikutaka kingine.

Mwezi wa sita nilikuwa napiga simu kila siku. "Pipa vipi?"

"Linapuliza kama Shimla milimani, dada!"

Alhamisi ya pili Bapu akafa, saa nane mchana, kitandani pake, mbele ya pipa.

Msibani, shangazi Gurdial alinivuta kando. "Siku tisa lilikuwa halipandishi maji, upepo wa moto mtupu. Jirani alimwita akalale kwake, kuna ubaridi. Akakataa! Akasema, mwanangu ameliunda, mwanangu atalitengeneza."

Nilimkuta Lakhvir nyuma ya zizi.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungekuja na bisibisi zako, dada. Bapu angejua."

"Si angejua tu! Angenirudishia na sukari tena, lakini angekuwa hai!"

Akaanza kulia. Sikumhurumia. Wala mimi mwenyewe sikujihurumia, maana uongo ule nilimfundisha mimi.

Nikaingia ndani, nikachutama nyuma ya pipa, nikachomoa chujio. Nyasi tatu. Nyasi tatu za khus na matope kidogo, basi. Nikalisuuza kwenye ndoo, nikalirudisha, nikawasha. Nilipomaliza, chai iliyokuwa jikoni ilikuwa bado haijachemka.

Maji yakapanda. Upepo ukatoka na ile harufu ya khus, na watu waliokuwa wamelegea kwenye mikeka kwa joto wakainua nyuso, mmoja mmoja wakasogea. Shangazi akafumba macho. "Mungu akubariki, Lakhvir. Umemtunza baba yako."

"Nililiunda mimi," nikasema.

Wakageuka wote. Lakhvir alikuwa mlangoni, anatazama vidole vya miguu yake.

"Mimi ndiye niliyeliunda. Muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Shangazi aliinuka, akanikumbatia, akanifuta mikono iliyolowa kwa mtandio wake. "Maskini mwanangu," akawaambia wenzake. "Msiba huu. Jamani mpeni maji, akae hapa kwenye ubaridi wa mdogo wake."