Chombo cha Mama Aarti

Mimi sisahau. Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipopewa siku tisini waondoke, nilikuwa na miaka tisa na macho yangu yalikuwa wazi. Nani alichukua duka gani hapa Jinja, nani alibeba cherehani, nani alivua mpaka bawaba za milango: yote ninayo kichwani, na kwa miaka thelathini nimeyataja kwa sauti pale sokoni, mbele ya wajukuu wa wezi wenyewe. Sikusoma shule ya kunifundisha kunyamaza.

Ijumaa moja nikiwa katikati ya orodha, Aarti akanikatiza. Aliondoka msichana wa miaka saba, akarudi mjane mwenye duka la rangi.

"Bwana Isiko, wewe unawajua wote. Basi niambie. Mama yangu aliacha kwa mama yako chombo cha kauri cha Kichina, cha zamani sana, chenye matawi ya mplamu yaliyochanua. Kiko wapi?"

Watu wakacheka. Mwuza samaki mmoja wa Masese akasema, "Mzee, endelea na orodha. Tumefika kwa Ramlah."

Ramlah ni mama yangu. Nyumbani kwetu sijawahi kuona kauri.

Kesho yake tulikwenda Mbale, mimi na Aarti. Nilijua la kufanya. Kama Mama alikiuza, nitasimama sokoni nimtaje kama nilivyowataja wengine.

Mama siku hizi anaishi Malukhu, mtaa wa huko Mbale, ana miaka themanini na minane. Alimtazama Aarti kwa muda. "Una pua ya mama yako. Mbona mmechelewa hivi?"

"Chombo, Mama," nikasema. "Ulikiuza?"

"Niuze amana? Wewe umepiga kelele miaka yote hiyo, na mimi hukuniuliza hata mara moja." Akamgeukia Aarti. "Askari walikuwa wanaingia kila nyumba. Nikakipaka udongo na mavi ya ng'ombe na majivu, nikatia mbegu za maharagwe, nikaziba mdomo. Afande mmoja alikigusa kwa buti akapita. Tangu hapo kila mwaka nakipaka upya."

Ule mtungi wa mbegu. Mtungi ule mbaya wa nyuma ya mlango, ambao mwezi uliopita, nilipokuja kupaka nyumba chokaa, niliutoa mwenyewe nikasema ni uchafu.

"Mama, niliutupa."

"Uliutoa nje tu. Wewe kutupa kitu hujui. Nenda kwenye banda la kuku."

Ulikuwa umewekwa kuzuia mlango wa banda, pale maji ya bati yanapodondokea. Mvua ya wiki tatu ilikuwa imekula udongo upande mmoja, na hapo palikuwa na tawi, na maua meupe juu ya buluu. Nikapiga magoti kwenye tope la kuku, nikapitisha kidole kuuzunguka mdomo. Hakuna ufa.

Nililia, wala sioni haya kuliandika. Aarti alichuchumaa kando yangu akibandua udongo kwa kucha, polepole, hajali mtandio wake.

Tulipokiingiza ndani, Mama alikuwa ameshaweka ungo sakafuni.

"Chombo ni chako. Maharagwe ni yangu. Mimina."

Aarti akamimina. Mama akaanza kuyachambua, akaniambia bila kuinua uso, "Na Jumatatu, ukifika kwa Ramlah kwenye orodha yako, useme vizuri. Utaje na majivu."