Mstari wa Pili Ndani ya Kisanduku

Karatasi ya mzigo ilirudishwa tena na forodha ya upande wa pili wa mpaka kabla ya adhuhuri. Zuleha aliipokea, akaiweka juu ya kibodi, akaegemea kiti. Macho yalikuwa yanamwasha. Ofisi ya uwakala wa forodha alikofanya kazi ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu ya Tunduma, na vumbi la malori liliingia hata dirisha likifungwa.

"Safari hii wamesema nini?" aliuliza Abdulswamad, mwenye ofisi.

"Yale yale. Hawaoni mzigo unakwenda kwa nani."

Jina la mpokeaji, anuani yake ya Kitwe, Zambia, na maelezo ya mzigo vilitakiwa vikae pamoja kwenye kisanduku kimoja cha jedwali la Eksel. Akiandika moja kwa moja, printa ilitoa nusu ya maneno, nusu nyingine ikapotelea pembeni. Akibonyeza Enter ili ashuke mstari, kompyuta ilimpeleka kisanduku cha chini, kwenye mzigo mwingine kabisa. Kwa hiyo alizoea kuyasukuma maneno kwa nafasi tupu, nafasi baada ya nafasi, mpaka kwenye kioo yaonekane yamepangana. Kwenye karatasi yalitoka yamevurugika, Kitwe imekatika katikati.

Siku nyingine angerudia tu na kunyamaza. Lakini mzigo huu, vipuri vya pampu za maji, ulikuwa kwenye lori la mumewe.

Uledi alikuwa ameingia alfajiri kutoka Dar es Salaam, akapanga foleni nyuma ya kituo cha mafuta. Hawakuwa wameonana tangu mvua zianze. Yeye hakuweza kuliacha lori kwa sababu ya wezi wa dizeli, na Zuleha hakuweza kuondoka mezani karatasi ikiwa haijapita. Kutoka dirishani aliyaona maturubai ya malori, asijue lipi ni lake.

Simu ikalia.

"Mama Raudha, vipi huko?" Uledi aliuliza.

"Imerudi tena, baba Raudha."

"Haya. Mtoto umemwambia nipo?"

"Nimemwambia. Alitaka asiende shule mpaka akuone."

"Jioni, inshallah. Kwa mwendo huu nitalala hapahapa."

Zuleha alirudi kwenye nafasi zake. Ndipo akaingia Ruti, karani wa ofisi ya jirani, kuazima pini za stepla. Alisimama nyuma ya kiti akitazama.

"Dada, mbona unahangaika hivyo? Weka kishale pale unapotaka kukata. Sasa shika Alt, usiiachie. Bonyeza Enter."

Zuleha akafanya. Neno Kitwe likashuka, likakaa mstari wa pili ndani ya kisanduku kilekile. Akarudia kwa maelezo ya mzigo. Nayo yakashuka.

"Miaka yote hii," alisema taratibu.

"Hata mimi nilionyeshwa tu," Ruti alisema, akachukua pini zake akaondoka.

Karatasi ilivuka upande wa pili. Haikurudi. Alasiri haijaingia, Uledi akapiga tena, safari hii injini ikinguruma nyuma yake.

"Naambiwa nisogee getini sasa hivi."

Zuleha alimtazama Abdulswamad. Mzee alikuwa amesikia. "Nenda, mwanangu," alisema. "Kazi haiishi."

Alinunua wali na maharage kwa mama ntilie, akapita kando ya malori akikaza mwendo, vumbi kooni. Lori la Uledi lilikuwa linasogea hatua kwa hatua. Alipanda kwenye ngazi ya mlango, akashika kioo cha pembeni. Uledi alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Ungeichelewesha karatasi kidogo," alisema akitabasamu kwa uchovu.

"Nililifikiria hilo," Zuleha alijibu. "Nikaona aibu."

Uledi akamshika mkono. Alipokea chakula, akampa mfuko wa viatu vya Raudha. Lori la nyuma likapiga honi, na la mbele lilikuwa limeshaondoka.

"Shuka, usije ukaumia," alisema.

Akashuka. Alisimama mpaka lori lilipoingia getini, kisha akarudi ofisini, ambako Abdulswamad alikuwa ameshamwekea karatasi nyingine.

Jioni Raudha alisikiliza habari yote bila kulia. Alivijaribu viatu huku amenuna. Vilimbana vidole.

"Baba hajui nimekua," alisema.

"Nitamwambia akipiga."

"Mwambie leo."

Zuleha alitoa simu, akabonyeza namba ya Uledi. Haikupatikana, alikuwa ameshaingia Zambia. Akaiweka kando, akavua viatu vyake mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na mtoto.