Kitoto cha Paka Mfukoni

"Mkono kwanza," alisema mama mkwe wangu. "Usimguse mtoto kabla mama yake hajakunusa. Mpe mkono, akuchunguze, akuruhusu. Akikataa, ondoka zako."

Hakuwa akisema nami. Alikuwa amechuchumaa mbele ya droo ya chini ya kabati, na nyuma yake watoto watatu wa jirani wamebanana, kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Ndani ya droo, juu ya sweta kuukuu za mume wangu, paka wetu alikuwa amejinyoosha na vitoto vinne vimemganda tumboni. Vilikuwa na siku tatu, macho yamefumba, masikio yamelala, vinafanana na panya kuliko paka.

Watu wote walimwita mama mkwe Sista, kwa sababu alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kufundisha kulikuwa kwenye damu yake.

"Wiki ya kwanza hawashikwi ovyo," aliendelea. "Unawahesabu kwa macho, unaangalia kama wananyonya, basi. Ukilazimika, nawa mikono, ipashe joto, mshike kwa viganja viwili, tumbo lisining'inie. Mama yake aone. Dakika moja tu, halafu unamrudisha pale pale ulipomtoa. Hawa hawana joto lao wenyewe. Joto lao ni mama."

"Na kama mama yake hayupo?" mmoja aliuliza.

"Unamsubiri. Kwani wewe nani?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeegemea fremu, kifua kimelowa maziwa. Mwanangu alikuwa na wiki tano, na alikuwa analala chumbani kwa Sista.

Alikuja kwa wiki mbili, kunisaidia. Siku ya tatu aliniambia nilale, yeye atakesha na mtoto, nami nikamshukuru kutoka moyoni. Siku ya nne kitanda cha mtoto kikahamia kwake. Wiki ya pili ikaingia chupa. Mimi ni dobi. Nilikuwa na chumba changu cha kufulia nyuma ya nyumba, na wateja hawasubiri uzazi wa mtu. Niliporudi kazini, Sista akapata sababu iliyokamilika. "Mwanangu, mikono yako inanuka dawa," aliniambia kwa upole, mlango umefunguliwa kiasi cha kupitisha uso tu. "Mume wangu amelala. Njoo baadaye."

Mume wake huyo ndiye mwanangu. Ndivyo mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na wageni walicheka. Nilicheka nao. Nilicheka sana mwezi ule, mjinga mimi, na kila nilipocheka mlango ulizidi kufungwa.

Mume wangu mimi alikuwa dereva wa lori, siku ishirini za mwezi yuko njiani. Nilipomwambia kwenye simu kwamba mama yake ananinyima mtoto, alivuta pumzi ndefu. "Wenzako wanalia hawana msaada," alisema. "Wewe unalia kwa sababu unao."

Siku ile, watoto wa jirani walipokwenda zao, nilisikia mwanangu analia kilio cha njaa. Nikagonga.

"Ameshakunywa chupa," Sista alijibu kutoka ndani. "Ukimzoesha mikono atakusumbua."

Nikasubiri nje ya mlango huo, maziwa yakinitiririka mpaka kiunoni. Kisha nikaenda chumbani kwenye droo. Paka alikuwa ameshuka jikoni kula. Nikaingiza mkono, mkono huo huo wenye harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka, nikachukua kitoto kimoja cheusi na kukitia mfukoni mwa aproni. Kilikuwa chepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki. Nikarudi kwenye chumba cha kufulia, nikaendelea kupiga pasi. Sikukusudia kukidhuru. Nilitaka tu, Mungu anisamehe, kumwona mama mwingine akitafuta.

Na akatafuta. Nilimsikia anarudi chumbani, kisha akatoka akilia sauti nene ambayo sikujua kama paka anayo. Akapita chini ya meza, akaingia kwenye vikapu vya nguo chafu, akatoka, mwisho akaja kusimama miguuni pangu na kunikodolea macho. Raha niliyoitarajia haikuja. Machozi yalinitoka, nikatia mkono mfukoni nikitoe, na wakati huo huo Sista akatokea mlangoni, mwanangu begani kwake.

Alielewa kabla sijafungua mdomo. Kitoto kilikuwa kimeanza kupoa, nacho kilihitaji mikono yake yote miwili. Akamlaza mwanangu juu ya rundo la mashuka mezani ili akichukue. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, mikono mitupu, nimeinyoosha kabisa.

"Unamnyang'anya mzazi mtoto wake?" aliniuliza, akikisugua kile kitoto kwa viganja. "Una roho gani, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa na maneno mawili tu: na wewe? Miaka ishirini na minne nimelitafuna jibu hilo, wala halijaisha ukali. Siku ile nilisema, "Nisamehe, mama."

Jioni alimpigia mwanawe, nami nikiwa sebuleni pale pale. "Mtu anayeficha kitoto cha paka mfukoni, kesho atafanya nini? Mkeo hayuko sawa. Nampeleka mtoto kwangu mpaka apate nafuu." Kisha akanipa simu.

"Mwache mama amchukue kidogo," mume wangu alisema. "Upumzike."

Kesho yake asubuhi paka aliwabeba watoto wake kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, akawapandisha darini ambako mkono wa mtu usingewafikia. Sista aliacha kufunga mabegi ili amtazame. "Huyo ndiye mama," alisema, na heshima ilikuwa kwenye sauti yake. Halafu akatoka na mwanangu. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango wa gari.

Hicho kidogo kikawa mwaka, mwaka ukawa shule. Nilikwenda kumwona mwanangu kila mwezi. Aliambiwa anisalimie, akanisalimia. Sista alimlea vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sina hata kosa la kumshikia. Kijana ana adabu, ana kazi yake, hajui kusema uongo.

Sista alifariki mwaka jana. Siku ya maziko watu walimiminika nyumbani kwake, wakawa wanamshika mwanangu mkono na kumpa pole kwa kuondokewa na mama. Mimi nilikuwa nagawa chai. Kijana mmoja anayefanya kazi na mwanangu alipokea kikombe, akanitazama mimi, akamtazama yeye: paji lile lile, pua ile ile.

"Na huyu mama ni nani kwako?" aliuliza.

Mwanangu alifuta macho. Alinitazama kwa upole, akilitafuta neno, nami nikamwona akilikosa.

"Huyu ndiye aliyenizaa," alisema.

Yule kijana akanipa pole. Nikamuuliza kama anaongeza sukari.