Ruhusa Ilikwenda kwa Nakala

Haya ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi, ulimi na unikauke.

Ghorofa ya tatu, kwenye meza iliyo jirani na choo, fundi wa programu alikuwa akitengeneza programu ya kugeuza lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript kuwa lugha ya kadi ya picha, ile inayopaka rangi kila nukta ya skrini. Ugumu ulikuwa mmoja. Katika JavaScript, ukimkabidhi mtu kitu, unampa anwani yake tu. Akikigusa, kimeguswa na kwako. Kadi ya picha haijui anwani. Hupokea nakala, na linaloipata nakala halimfikii mwenyewe.

Bosi aliitaka kazi Ijumaa. Kufuatilia majina yapi yanaelekea kitu kimoja kungechukua mwezi, kwa hiyo fundi akalipua kazi. Akaandika sheria ya mstari mmoja: kila kinachopita mlangoni, kinakiliwe.

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Ijumaa saa kumi jioni akaingia kwa bosi kuomba ruhusa.

"Nenda, mzee wangu. Kamwoze binti salama."

Aliyeambiwa hivyo akachukua koti, akashuka ngazi. Fundi mwenyewe alikuwa bado kitini, mkono juu ya kipanya.

Dada wa meza ya pili akainua macho. "We si umeshaaga?"

"Aliyeaga ni nakala."

"Si uondoke tu na wewe?"

"Ruhusa kapewa yeye. Mimi sijaambiwa kitu."

Hata hivyo akajaribu. Kila alipokanyaga kizingiti, mmoja alishuka ngazi na yeye akajikuta kitini. Nakala walipofika tisa, mlinzi wa getini akapiga simu kulalamika kwamba daftari la wanaotoka linaisha. Fundi akafungua faili aifute ile sheria. Ikafutika kwenye nakala ya faili.

Jumamosi alasiri akampigia binti yake.

"Baba! Hotuba yako imemliza hata mama mkwe. Sema mlivyojipanga tisa kunishika mkono, mmenichosha!"

"Mwanangu, nilisema nini?"

"Acha utani, baba," binti akacheka, akakata simu.

Jumatatu bosi akaisifu ile sheria mbele ya wote. Kwa furaha akatangaza likizo ya mwezi mzima, yenye malipo, kwa kila mfanyakazi. Walishuka ngazi kwa vifijo, dada wa meza ya pili akiwa mbele.

Ghorofa ya tatu hakikubaki kiti kitupu.