Mashine Iliyozimwa kwa Heshima

Mama mdogo ana tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi cherehani mwingine. Mgeni akigonga mlango, yeye huinua mguu kwenye kanyagio, huzima mashine ukutani, huifunika kwa kitambaa, ndipo aseme karibu. Hata mgeni awe msoma mita ya maji.

"Mtu kaacha kwake kaja kwangu, halafu nimpigie kelele?" husema.

Na kelele kweli zipo. Ni mashine kuukuu ya mota kubwa, ya kushonea mabegi na mapazia mazito, na ikinguruma, vikombe vya kabatini hugongana. Asubuhi mama mdogo hukata vitambaa mezani. Mchana, kuanzia saa nane, hushona. Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halifumuki.

Ninakaa naye tangu mama alipougua, nikiwa darasa la tano. Mama alipona, nashukuru, lakini mimi sikurudi shule. Kwanza nilikuwa nimechelewa mwaka mmoja, halafu miwili, halafu nikawa mkubwa kuliko madawati. Mwaka jana mama mdogo akasikia habari za masomo ya watu wazima kwa njia ya mtandao, akaniandikisha bila kuniuliza. Akavuta na intaneti ya waya nyumbani.

"Hicho kidude mimi hata kukiwasha sijui," aliniambia, akionyesha kisanduku cheupe chenye taa. "Lakini wewe utakaa mbele yake, na utasoma."

 Nilifua mapazia yote ya nyumba siku ile, hata yaliyokuwa safi, naye akaelewa kuwa ndiyo asante yangu.

Kipindi kilikuwa saa tisa alasiri, kila siku. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, na sharti lake lilikuwa moja: tusiandike sentensi nusu. "Nani, amefanya nini, wapi, lini," alikuwa akisema. "Hata ukiandika orodha ya sokoni, niandikie sentensi nzima." Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nikikaa kwenye kona ya sebule, vipokea sauti masikioni, mama mdogo akishona upande wa pili.

Kisha laini ikaanza kukatika. Taa ya kijani inageuka nyekundu, uso wa mwalimu unaganda mdomo wazi, halafu kimya. Dakika tano, dakika kumi, taa inarudi. Naingia tena darasani wenzangu wameshahama ukurasa. Kesho hivyo hivyo.

Ingekuwa darasa tu, ningevumilia. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa unakuja, Ijumaa saa tisa, wa kusoma, kuhesabu na kujibu kwa mdomo mbele ya kamera. Sharti liliandikwa kwa herufi nene: mtahiniwa akikatika mara tatu, anafutwa, anasubiri mwaka mwingine. Katika mtihani wa majaribio nilikatika mara nne.

Ilibidi nipige simu huduma kwa wateja. Mimi nikitumwa dukani hurudi na kitu nisichotumwa, kwa sababu naona aibu kumwambia muuzaji si hicho. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi kwanza. Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikasikiliza muziki mpaka sikio likapata joto, ndipo mtu akapokea.

"Umejaribu kuzima na kuwasha, dada?"

"Ndiyo."

"Zima tena, uwashe."

Nikazima, nikawasha.

"Taa ina rangi gani?"

"Kijani."

"Basi imepona, dada."

Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Nikasema asante, nikakata.

Mara ya pili aliyepokea alikuwa mpole zaidi, akaniambia niwe naandika saa, kila laini inapokatika, kisha akatuma fundi. Fundi wa kwanza alikuja mbio mbio, akapima, akasema laini ni safi. Wa pili akabadilisha kile kisanduku, akapima, safi. Kila wakiondoka, simu yangu ililia ujumbe: "Tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa uvumilivu wako." Ujumbe wa pili niliusoma taa ikiwa nyekundu.

"Hebu wajibu," mama mdogo akasema, "waambie uvumilivu umekatika pamoja na laini."

Fundi wa tatu aliniuliza, "Kuna mahali mmeandika saa inapokatika?"

Daftari lilikuwepo. Nilikuwa naandika kila siku. Lakini mwandiko wangu hupanda na kushuka kama mtu anayeruka madimbwi, na fundi alikuwa na kalamu mbili mfukoni na fomu iliyopigwa chapa. Nikasema, "Hapana." Naye akapima, akaona safi, akaenda zake.

Sikulala vizuri kwa uongo ule. Wala sikumwambia mama mdogo.

Jumatano, siku mbili kabla ya mtihani, saa tisa kasoro, mlango ukagongwa. Mama mdogo akainua mguu, akazima, akafunika.

"Karibu, karibu ndani."

Safari hii fundi alikuwa mwanamke, wa umri wa mama mdogo hivi, mabuti yana vumbi, mkoba wa vifaa begani. Akavua mabuti mlangoni.

"Usivue, dada, sakafu si yai," mama mdogo akasema.

"Nimetoka kuingia shimo la nyaya barabarani. Ukiona nilikopita, wewe mwenyewe utanitoa nje."

Wakacheka. Mama mdogo akamletea kiti, maji, na mto wa kuegemea ambao sijawahi kuona mtu wa nje akipewa. Fundi akanywa maji, akapima kwenye tundu la ukutani, akapima kwenye kisanduku, akatoka nje akapima kwenye nguzo, akarudi akifuta shingo.

"Laini ni safi," akasema.



"Dada yangu," mama mdogo akasema, "hayo maneno tumeshayasikia mpaka tunayaimba. Huyu binti ana mtihani keshokutwa."

"Nakuamini. Lakini nikiandika kuna kasoro nisiyoiona, ofisini wataniuliza nilikuwa nimelala." Akafungua fomu yake. "Nikifunga ripoti hii, ni ya nne. Baada ya nne mfumo unairudisha nyuma, mtasubiri wiki tatu."

Akaanza kuandika. Nikaangalia ncha ya kalamu yake ikitembea, nikafikiria mwaka mwingine mzima kwenye kona ile, mama mdogo akiulizwa na wateja "binti amemaliza?" naye akijibu "bado kidogo," kama alivyokuwa akijibu.

"Kuna daftari," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Mama mdogo alinitazama kama kabati limesema.

"Daftari gani, mwanangu?" fundi akauliza.

Nikaenda kulitoa chini ya godoro. Nikampa nikiangalia vidole vyangu vya miguu. "Mwandiko si mzuri," nikasema. "Na yule aliyekuja kabla yako nilimdanganya. Nilimwambia halipo."

Fundi akalipokea. Akafungua, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, polepole, bila kucheka:

"'Jumatatu saa tisa na dakika kumi mtandao ulikatika sebuleni. Mama mdogo alikuwa anashona mkanda wa begi.'" Akageuza ukurasa. "'Jumanne saa tisa na nusu mtandao ulikatika. Mama mdogo alikuwa anashona pazia la mteja mnene.'"

"Mnene ni pazia au mteja?" mama mdogo akadakia.

"Pazia," nikasema.

"Basi sawa. Maana na mteja naye..."

Fundi alikuwa ameinua kidole. Akageuza kurasa tano, sita, akifuata mistari kwa kucha. "'Alhamisi mtandao haukukatika. Mama mdogo alikwenda msibani.' 'Ijumaa saa nane na dakika hamsini mtandao ulikatika. Mama mdogo alikuwa anashona begi la turubai.'" Akafunga daftari juu ya paja lake. "Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Mwalimu hataki sentensi nusu," nikasema.

"Mwambie mwalimu wako namsalimu. Watu huniandikia saa peke yake. Saa peke yake hainiambii kitu." Kisha akageuka, akaitazama ile mashine chini ya kitambaa chake, kama mtu anayemtambua mwizi aliyevaa kanzu. "Dada, hiyo mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, tena sana. Nimeizima kwa heshima yako."

"Hao mafundi watatu waliokuja, nao uliwazimia?"

"Wote. Kwani mimi sikulelewa?"

"Sasa leo nikosee heshima, tafadhali. Washa, ushone kitu kinene."

Mama mdogo akasita. Niliona inamuuma kweli. Alichukua vipande vya turubai, akaketi kwa upande kana kwamba anaomba radhi, akakanyaga. Mashine ikanguruma, vikombe vikagongana. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kifaa chake cha kupimia. Nikaona namba zinaruka. Mama mdogo akafika kwenye pindo, penye turubai lililokunjwa mara nne, mota ikalia kwa nguvu, na taa ikawa nyekundu.

"Nimekukamata!" fundi akapiga kelele, akapiga sakafu kwa kiganja. Sijawahi kuona mtu akiifurahia taa ile.

Mama mdogo hakufurahi. Alikuwa ameondoa mikono kwenye mashine kama imemchoma. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Miezi mitatu yote namkatia mtoto masomo, halafu nakaa hapa nawatukana watu wa kampuni."

"Mashine zipo nyumba nyingi, dada, na hazikati. Ngoja nione kinachoifikisha kwenye laini."

Akaingia chini ya meza ya mashine, tukabaki tunaona soksi zake. Tukamsikia akisema, "Aa." Kisha: "Nani amefunga hizi nyaya?"

Waya wa umeme wa mashine na waya mwembamba wa intaneti hupita nyuma ya meza ile ile. Zilikuwa zinaning'inia, mama mdogo akajikwaa mara moja, karibu avunje mkono. Basi siku moja nilizikusanya, nikazifunga pamoja kwa vipande vya kitambaa, fundo baada ya fundo, toka ukutani hadi kwenye kisanduku. Nilifunga vizuri. Nilitaka kuwe nadhifu.

"Mimi," mama mdogo akasema haraka.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Tangu mwezi wa tatu."

Na kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, ilikuwa mwezi wa tatu.

Fundi akatoka chini, utando wa buibui kwenye nywele. Nilisubiri anigombeze. Akaketi sakafuni, akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi: mota ile kuukuu inatoa vurugu ya umeme, vurugu inaruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine zikilala pamoja, na hizi zilikuwa zimelala pamoja mita nne nzima. "Umezifunga kwa mapenzi," akasema, "hata mimi napata shida kuzifungua."

Tukazifungua pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Akatupa ule waya mwembamba, akavuta mwingine wenye ganda la kinga, akaupitisha juu ya mlango, ukuta wa pili kabisa, mbali na mashine. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya dakika thelathini. Nilimwona akiitazama saa, akairudisha mfukoni. Kisha akamwambia mama mdogo ashone turubai mara nne, mara sita, mara nane mpaka sindano ikavunjika. Taa ilikaa kijani.

"Sindano hiyo nani analipa?" mama mdogo akauliza.

"Peleka malalamiko," fundi akasema, akavaa mabuti yake.

Mlangoni nilitaka kumwambia kitu. Alinishika bega. "Umeshasema ya kutosha leo," akasema. "Yaliyobaki yaweke ya Ijumaa."

Ijumaa mama mdogo alikuwa na mabegi ya kumaliza, lakini hata hivyo aliamka na nia ya kutogusa mashine. Nilimwambia ashone. Tulibishana mpaka saa tisa kasoro dakika tano, naye akashindwa, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba ile. Nilisoma kifungu changu kwa sauti, nikajibu maswali. Katikati msimamizi akauliza, "Huko nyuma yako pananguruma nini?"

"Mama mdogo wangu yuko nyuma yangu, anashona mabegi ya wateja," nikasema.

Nilimwona mwalimu, kwenye dirisha lake dogo, akitabasamu. Sikukatika hata mara moja.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili. Nimefaulu; hesabu kwa taabu, kusoma vizuri. Mama mdogo aliyasoma mara tatu, akaacha kukata vitambaa saa tano asubuhi, akaenda kulala, akasema kichwa kinamuuma. Nilimsikia akilia kwa furaha nyuma ya mlango, nikamwacha.

Kisha nikapiga simu huduma kwa wateja. Sikuandika karatasi. Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu.

"Nikusaidie nini, dada? Laini imekatika?"

"Haijakatika. Nataka kumshukuru fundi aliyekuja Jumatano ile. Alivua mabuti, akakaa zaidi ya muda wake, akasoma daftari langu lote."

Upande wa pili nikasikia vitufe vikibonyezwa.

"Dada, hapa kwangu kuna kufungua malalamiko tu. Sina pa kuweka shukrani."

"Basi fungua malalamiko," nikasema, "uandike shukrani zangu humo. Nakusomea, nawe andika sentensi nzima."

Akacheka, akasema niendelee, naye yuko tayari.